Asteria na Mwizi wa Safari

Binamu yangu Asteria hasamehe, na mimi simlaumu. Alipotangaza kwamba anataka kuwa mwandishi wa safari, kwetu Didia alichekwa. Watu walijua safari ni ya mnadani au msibani. Mtu asafiri ili akaandike, tena alipwe? Yeye akafungasha kanga mbili, akapanda lori pamoja na akina mama wanaopeleka michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa wachimbaji wa dhahabu Geita.

Alikaa nao hadi michembe ikaisha. Alilala chumba kimoja na Mama Ndaki, bibi asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, aliyemsimulia maisha yake yote kwa Kisukuma. Aliporudi akaandika makala tamu kweli, akamtumia Luka, mwenye jarida la safari la mtandaoni pale Shinyanga mjini. Luka akamjibu kwamba bado hajaiva.

Haukupita muda makala ikatoka, jina la Luka juu. Hakubadilisha hata koma. Hata pale penye "nilizungumza na Mama Ndaki kwa Kisukuma" alipaacha vilevile, naye ni mtu wa kuja, Kisukuma hajui hata salamu. Wasomaji wakammwagia sifa. Asteria alilia kwa hasira, akafuta machozi, akaniambia, "Huyu safari yangu ataitapika."

"Nenda polisi," nikamwambia.

"Polisi wa nini, na Mayala yupo?"

Mayala ni manju wa kundi la ngoma la Bagalu. Kwetu, baada ya mavuno, Bagalu hushindana na Bagika, na manju ana ruhusa ya kumwimba yeyote mbele ya umati, awe mchoyo au mgoni, na aliyeimbwa hana pa kushtaki. Asteria akampelekea jogoo pamoja na kisa chote. Kisha akamwandikia Luka kwa adabu: "Shikamoo bosi. Karibu Didia uone ngoma."

Luka akaja na kamera yake. Mayala akamvuta katikati ya uwanja, akaanza kuimba kwa Kisukuma: huyu ndiye Luka, kaiba safari ya binti yetu Asteria, anasema kapiga soga na Mama Ndaki na Geita kwenyewe hajafika. Umati ukaitikia kwa nguvu. Luka, akidhani anasifiwa, akacheza hadi jasho likamtoka, akambandika Mayala noti kipajini, na video yote akaiweka kwenye ukurasa wake: "Wasukuma wameniimba kwa upendo."

Ilisambaa kabla hajamaliza soda yake. Wasukuma wa kila kona wakamtafsiria hapohapo chini ya video, mstari kwa mstari. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, wala sijutii.

Mhariri wa gazeti moja akamtafuta Asteria, akaichapa ile makala upya kwa jina lake, akaagiza na nyingine. Asteria akaandika ya ngoma ya Didia, akamtia na Luka humo mzima mzima, kwa jina na rangi ya shati lake. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kuagizwa na kulipwa.

Luka alipopiga simu nilikuwepo. Aliomba kwa sauti ya mgonjwa jina lake liondolewe kwenye makala. Asteria alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu taratibu kwa Kisukuma, na kila Luka alipouliza "unasemaje?" akamrudia vilevile.