Sikukuu Isiyo na Ngoma

Mjomba wangu Shen Bao alikuwa mpiga ngoma wa mavuno kijijini kwetu, kando ya mto Si katika nchi ya Lu. Shamba lake lilikuwa dogo na paa lake lilivuja. Lakini akishika ngoma, hata wagomvi walicheza bega kwa bega, na kwa hilo alijiona tajiri.

Mama yake alipofariki, alivaa nguo chakavu za katani, vazi la matanga, akala uji mtupu, akaifunika ngoma kwa mkeka. Kwetu mtoto humlilia mzazi mpaka mwaka wa tatu, na muda wote huo hagusi ala ya muziki. Siku hizi wengi hukatisha matanga kwa kisingizio cha shughuli. Ni aibu.

Mwaka wa pili mtama ulizaa kupita kiasi. Mkuu wa kijiji, mzee Ran Gu, akaja mlangoni na mkewe.

"Bao, umekonda kama mwiko. Njoo upige kidogo tu. Marehemu aliipenda ngoma kutushinda sote."

"Ndiyo maana siwezi, mzee. Nikipiga leo, mikono itasema uongo."

"Basi namwita mpigaji wa kijiji cha pili. Naye akishakalia kiti chako, hatoki."

Mjomba aliutazama mkeka uliofunika ngoma. Kile kiti ndicho kitu pekee alichojivunia.

"Akae, mzee," alisema.

Mke wa Ran Gu akaguna. "Yule? Anapiga kama anafukuza kunguru. Heri tupige makofi."

Na kweli, siku ya sikukuu walipiga makofi. Kijiji kizima kiliimba bila ngoma hadi pombe ya mtama ikaisha. Mama yangu alipompelekea kaka yake uji, alimkuta amesimama langoni, anasikiliza, machozi yanamtoka huku anacheka.

"Dada, miaka yote hii nilidhani furaha yao naileta mimi."

"Wewe nani? Kunywa uji, unapoa."

Matanga yalipokwisha, alirudi kitini pake, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumpa mwingine. Ila hakuanza tena yeye. Alingoja makofi yashike, kisha akaingia chini yake, polepole, kama mgeni aliyekaribishwa.

Alipiga hivyo hadi uzeeni. Namshukuru. Kila mavuno, kabla sijainua bakuli la pombe, kwanza nasikiliza mikono ya wenzangu.