Mlenda wa Bi Mwanne na Friji la Chanjo

Saa saba mchana, jua la Kondoa linapasua kichwa, halafu friji linalotumia umeme wa jua linazima.

Sio usiku. Sio siku ya mawingu. Kweupe kabisa!

Na sio mara moja. Siku tatu mfululizo.

Aliyelifunga lile friji ni mimi. Naitwa Swalihu, mtoto wa Makole, Dodoma mjini. Mwaka tisini na nne nilikuwa fundi wa mradi fulani wa sola. Miaka ishirini na sita, shati la mtumba limenyooka pasi, mdomo mkubwa kuliko ujuzi. Enzi zile za ruksa kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, na sisi tukaingia vijijini na paneli zetu.

Kwenye mkutano wa kijiji nilijigamba bila aibu.

"Mafuta ya taa yananuka, yanaadimika, kila siku yanapanda bei. Jua je? Mwenyezi Mungu anatoa bure! Hamtalia tena."

Wakapiga makofi. Nikaamuru friji la zamani la mafuta ya taa lipakiwe lirudi mjini siku hiyo hiyo.

Hashimu, mhudumu wa zahanati, akanivuta pembeni. "Fundi, tuliache hata miezi miwili. Hili jipya hatujalijua tabia yake."

Nikamcheka. "We unaogopa maendeleo, bwana."

Sasa zahanati ilikuwa chini ya mkuyu, kivuli kutwa nzima. Paneli nikaipeleka nyumba ya jirani, juu ya tembe la Bi Mwanne, mama mzazi wa Hashimu. Paa la udongo, tambarare, jua tele. Nyaya nikazivusha hadi zahanati. Bi mkubwa hakubisha, na mimi mwenyewe akanipa chumba na chakula.

Asubuhi nikawa naondoka na baiskeli kufunga sola vijiji vingine, narudi jioni.

Basi bwana, friji likaanza vituko.

Nesi Ruthu alinipokea siku ya tatu amekunja uso. "Fundi, chanjo zote zimepata joto. Nimezitupa. Jumanne wanaleta nyingine, na hizo zikiharibika hakuna tena mpaka mwezi ujao. Unajua surua imeshafika bondeni?"

Nilijua. Na nilijua kwamba Alhamisi ndiyo siku ya chanjo. Kila mama alikuwa anaihesabu, akiwemo mke wa Hashimu. Binti yao, Shamimu, alikuwa anatimiza miezi tisa wiki ile, umri wa kuchanjwa.

Nikakosa raha. Nikikaa nasimama, nikisimama nataka kwenda kuangalia tena. Nyaya nzima. Betri haina chaji. Paneli nikiiangalia asubuhi safi, nikiiangalia jioni safi!

Nikaanza kuona kuna mkono wa mtu.

Jumanne nikageuza baiskeli njiani, saa saba niko kijijini. Namkuta nani? Hashimu, anateremka ngazi kutoka paani kwa mama yake. Anahema, mikono vumbi tupu.

"Ulikuwa unafanya nini huko juu?"

Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Si nakuuliza wewe!"

Watu wakaanza kusogea. Bi Mwanne naye akatoka ndani, ungo mkononi, anashangaa kelele.

Hasira ikanipanda. "Unachomoa waya ili lirudi friji lako la mafuta, sio? Yale mafuta ya serikali ulikuwa unayauza! Mwizi mkubwa! Mtoto wako mwenyewe anasubiri chanjo, huna hata huruma!"

Hashimu akamtazama mama yake. Kisha akanitazama mimi. Akageuka, akaenda zake.

Saa tisa alipanda lori na mkewe na mtoto, wakaenda Bahi kwa wakwe zake.

Mimi nikatembea kifua mbele. Nimemkomesha.

Jumatano sikutoka, nikashinda zahanati. Saa sita na nusu Ruthu akapiga kelele, "Fundi! Taa nyekundu ya friji imewaka!"

Mbio mpaka kwenye ngazi. Nikapanda.

Mlenda.

Wallahi, paneli nzima imetandazwa majani ya mlenda, ile mboga ya kuteleza, hakuna hata pa kupenya mwanga.

"Bi Mwanne!"

"Abee, mwanangu!"

"Nani ameanika mlenda huku?"

"Si mimi? Naanika hapo tangu nimeolewa. Ila kioo chako hiki ni baraka, cha moto, mbuzi hawafiki, unakauka siku moja tu. Jua likipungua nautoa, napangusa hata vumbi. Si ndio huo unaousifia kila jioni?"

Nikaanza kuyazoa yale majani kwa mikono miwili.

Kila jioni nilikuwa nakomba bakuli la yule mama na kusema, "Bi Mwanne, mlenda kama huu sijawahi kula!" Kumbe nilikuwa nakula umeme wa chanjo.

Nilipomweleza, ungo ulimdondoka. "Mbona hukuniambia, mwanangu, kwamba kile kioo ndicho kinachokula jua?"

Sikumwambia kwa sababu sikumwuliza chochote. Nilichukua paa lake tu.

Friji lilipona. Alhamisi watoto wakapanga foleni, wakachanjwa. Shamimu hakuwepo.

Nilipaswa kupanda gari siku hiyo hiyo, niwafuate Bahi. Sikupanda. Nilikuwa na aibu, nikajidai nina kazi nyingi. Zikapita wiki mbili.

Nilipofika Bahi, nilimkuta Hashimu amempakata mwanawe, mwili mzima vipele, macho yamevimba. Siku ya chanjo ya kule walikuta imeshapita. Surua ilinitangulia.

"Kwa nini hukusema, Hashimu? Neno moja tu!"

"Nilikuwa nimetoka kuutoa ule mlenda. Ukaniita mwizi mbele ya watu, na mama amesimama pale. Ulitaka nimtaje yeye?"

"Si ungemwambia pembeni?"

"Nilimwachia mke wangu amwambie. Mkwe gani atamfundisha mama mkwe pa kuanika? Akaona haya, tukaondoka."

Nililia mbele yake kama mtoto. Hakuniambia ninyamaze.

Shamimu alipona. Jicho lake la kushoto halikupona.

Sola siipingi, jamani. Hata simu ninayoandikia hapa imechajiwa na sola. Ila tangu siku ile, kabla sijapanda paa la mtu, namwuliza mwenye nyumba, "Hapa juu huwa mnaanika nini?" Vijana wangu wa kazi hunicheka.

Mwezi uliopita nilikutana na Shamimu stendi ya Kondoa, mama mzima sasa. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, ikabidi ageuze shingo yote ndipo anione. "Shikamoo, baba," akasema, akatabasamu.

Ukikosea, kaombe radhi siku hiyo hiyo. Wiki mbili ni nyingi sana.