Siku Kocha Alipomchagua Bahati

Juzi kazini, kule hospitali ya Woluwe, hapa Ubelgiji, ninakowaogesha na kuwalisha wazee, wenzangu wawili walibishana wakati wa mapumziko hadi kahawa ikapoa vikombeni. Timu wanayoishabikia ilikuwa imewapita wachezaji wote wenye sifa na kumchukua mmoja ambaye, kwa maneno ya mwenzangu, hata jirani yake hamjui. Yule mwingine alishikilia kwamba kocha si mjinga, lazima ameona kitu. Mimi, ambaye kicheko changu kinafahamika kutoka chini mpaka paa la jengo lile, nikaanza kucheka nao, kisha nikaacha. Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo na kusimama huko, najifanya natafuta viatu ambavyo nilikuwa nimevivaa.

Kocha lazima ameona kitu. Rafiki yangu, maneno hayo niliyasikia nikiwa na miaka kumi, mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili, ndani ya saluni ya mama yangu, na tangu hapo hayajanitoka.

Saluni yenyewe ilikuwa ndani ya Galerie d'Ixelles, ujia wa maduka uliofunikwa paa. Ukitoka kituo cha Porte de Namur ulishuka kidogo tu, pua ikakuongoza: mafuta ya nywele, ncha za rasta zikichomwa kwa kiberiti cha gesi, na makayabu, wale samaki wa chumvi waliouzwa mlango wa mbele yetu. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba mteja wa kiti cha kwanza akipiga chafya, wa kiti cha tatu ndiye aliyeambiwa pole. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuchambua nywele za bandia, fungu kwa fungu, na kufagia zilizoanguka. Nilifagia nywele nyingi, nadhani zingetosha kuisuka Ubelgiji yote mpaka mpakani na Uholanzi.

Mashabiki wa timu walishinda pale. Hawakuja kusukwa, na wawili kati yao hawakuwa na unywele hata mmoja wa kushika. Walikuja kubishana, kwa sababu mama alikuwa na birika la chai lisiloisha na mikono iliyoshughulika, hivyo hakuweza kuwafukuza. Mkubwa wao alikuwa papa wa makayabu, papa kwa maana ya baba, mwenye duka la mbele. Akitamka neno "goli", tramu zilifunga breki.

Timu yetu ilikuwa ya watu wa Katanga, jezi za kijani, ikicheza Jumapili baada ya misa dhidi ya timu nyingine za watu wetu mjini. Hapo zamani timu hizo ziliibiana wachezaji, ugomvi ukafika mpaka kwenye matanga, ndipo wakubwa wakaweka sheria. Kila Septemba wachezaji wapya walisimama mstari mmoja katika ukumbi wa parokia, kila mmoja akataja jina lake na anakotoka, halafu makocha wakachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia ndiyo iliyotangulia. Na sisi mwaka ule mkia tulikuwa tumeushika kwa mikono miwili, na kwa meno.

Kila mtu alijua tutamchagua nani. Kaka yangu. Nyumbani nilimwita yaya, kama sisi wa Katanga tunavyowaita wakubwa zetu, na mwanafunzi mmoja Mtanzania wa orofa ya juu aliposikia alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, maana kwao yaya ni msichana wa kulea watoto. Yaya wangu alikuwa na miaka kumi na saba, na miguu ambayo, nakuapia, ingepitisha mpira katikati ya mvua bila kulowa. Jumamosi ya kabla ya kuchagua, kocha wetu, tuliyemwita tonton, yaani mjomba, alikula kwetu bukari na sombe, ugali na kisamvu, akanawa, akampiga yaya begani akamwambia kesho wewe ni wa kwetu. Mama alizifua soksi za yaya mara mbili, ingawa zilikuwa mpya.

Jumapili nikapanda juu ya kiti ukumbini nione vizuri. Yaya alikuwa mwanzo wa mstari. Mwisho kabisa alisimama kijana mwembamba aliyevaa koti la mtu mzima zaidi yake, hakuna aliyemjua. Majina yakatajwa, zamu yake ikafika, akasema: "Naitwa Bahati. Natoka Bujumbura."

Tonton kocha alivua kofia. Akaulizwa anamchagua nani. Yaya alikuwa tayari ametanguliza mguu mmoja mbele.

"Bahati," kocha akasema.

Nimeona mambo mengi katika kazi yangu, lakini bado nauona mguu ule wa kaka yangu ukirudishwa nyuma polepole, kama mtu aliyekanyaga mahali pasipokuwa pake. Timu ya Kinshasa, iliyokuwa na zamu ya pili, ilimchukua yaya kabla kocha wetu hajaivaa tena kofia.

Wiki ile saluni haikulala. Kundi moja lilisema kocha ana homa. Jingine likasema hapana, ameona kitu, yule kijana ni siri ya Burundi. Jumatatu ilisemekana amefunga mabao kumi kule kwao. Kufika Jumatano yalikuwa arobaini, mengine kwa kichwa, na kuna kipa aliyeacha mpira akawa padri kwa sababu yake. Papa wa makayabu aliapa kwamba amemwona mwenyewe kwenye televisheni. Kisha ikaja Alhamisi ya mazoezi. Bahati aliupiga mpira wa kwanza kwa ncha ya kidole gumba, ukaenda nyuma. Sijui mtu anafanyaje ili mpira uende nyuma, lakini ulikwenda. Papa wa makayabu akarudi saluni na uso mrefu kama bidhaa zake.

"Tumepata Bahati," akasema, "bahati yenyewe tumeikosa."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Yeye na kocha walizaliwa mji mmoja, Kalemie, kando ya ziwa. Aliweka chanuo chini, jambo ambalo hakufanya kamwe kichwa kikiwa kimesukwa nusu, akawaeleza. Tonton kocha alikuwa na mtoto mmoja. Wakati wa vita walipokimbia, walipotezana katika umati pale bandarini, na hakuna aliyemwona tena. Mtoto huyo aliitwa Bahati.

"Mulitaka afanye nini?" mama akauliza. "Apite mbele ya jina ya mutoto wake, amuache amesimama kwa mustari?"

Sisi tunamwita ndoyi mtu mwenye jina kama lako. Wengine husema wajina, wengine somo, lakini kwetu neno hilo lina uzito wake: ndoyi si mtu anayefanana nawe jina, ndoyi ni wewe. Palikuwa na mteja wa mama aliyempa binti yake jina la mama mkwe. Alishindwa kabisa kumchapa. Mtoto akimwaga uji, unamsikia yule mama akisema kwa adabu zote, mama mkwe, nakuomba, usikanyage hapo. Kwa hiyo mama alipomaliza, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Papa wa makayabu akaweka kikombe chini. Alisema yule kijana asijue kamwe, kwa sababu anaamini amechaguliwa kwa ajili ya miguu yake, na mtu haambiwi jambo kama hilo.

"Bon," akasema, "donc mabao tutafungwa, na midomo tutafunga."

Na kweli Bahati aliamini. Pembeni ya saluni palikuwa na chumba cha kupigia simu za mbali, ukuta wa kati mwembamba kama chapati. Siku moja tulimsikia akiongea na mama yake. Simu ilikuwa mbovu, akalazimika kurudia kwa sauti, na galerie nzima ikasimama kusikiliza.

"Wa kwanza, mama. Mbele ya wote. Walinichagua wa kwanza."

Akasikiliza, akacheka, akasema ndiyo, waambie majirani. Tangu hapo hata wale wenye vipara walipompita walimwita champion. Kila Jumapili tulifungwa, kila Jumapili tukapiga makofi. Mama yake alipopata namba ya saluni alianza kupiga pale kutoka simu ya jirani yake, kusalimia tu, na mama yangu akamwambia kijana anakula vizuri.

Nyumbani yaya hakula vizuri. Aling'ara katika timu ya Kinshasa, alifunga mabao, lakini akirudi hakuna aliyemwimbia, kwa sababu mabao mengine alikuwa anatufunga sisi. Alijua habari ya ndoyi, mama alimweleza kama alivyowaeleza wengine. Alisema ameelewa. Kisha aliuvua ule uso wa kuelewa, akabaki na uso wake.

Basi mwezi wa nne tukacheza nao tena. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Yaya alichukua mpira upande wa kushoto, akawapita wawili, akabaki na Bahati peke yake, na mashabiki wetu wakageuza nyuso ili wasione. Mimi sikugeuza. Bahati hakuruka wala hakufumba macho kama kawaida yake. Alisubiri, akanyoosha mguu, akautoa mpira miguuni mwa kaka yangu kwa usafi kama mtu anavyotoa mwiba. Rafiki, kelele iliyopigwa pale iliwaamsha wafalme wa Ubelgiji makaburini. Papa wa makayabu alinirusha juu. Yaya alikuwa chini, amekaa kwenye matope, watu wa kwao na watu wa Kinshasa wote wakimcheka pamoja.

Alisimama akamfuata. Tulikuwa karibu na mstari, tulisikia.

"Walikutwaa juu ya jina ya mutoto mwenye alipotea," alimwambia. "Si juu ya mupira. Uliza kila muntu hapa."

Bahati aliutazama umati wetu. Hakuna aliyeyainua macho. Mpira ulijiviringisha ukatoka nje na hakuna aliyeufuata. Akatembea mpaka kwa kocha.

"Tonton, ni kweli?"

Kocha angeweza kudanganya, tungemsaidia sote. Lakini nadhani mtu hawezi kumdanganya mtoto wake mara ya kwanza anapomuuliza jambo.

"Ni kweli," akasema. "Lakini ulipotaja jina..."

"Basi mama asijue," Bahati akasema.

Akavua jezi, akaikunja vizuri, akampa. Akavaa lile koti kubwa akaondoka uwanjani, na sisi tukafikiri atarudi akishapoa. Hakurudi. Wengine walisema yuko Lille, wengine wakasema amevuka kwenda Uingereza. Tonton kocha alizunguka stesheni zote akiuliza, akilitaja jina lile kwa watu wasiomjua, kwa mara ya pili katika maisha yake. Msimu uliofuata timu haikuwa na kocha, na ule wa baada yake kocha alipatikana ila timu haikuwepo.

Lakini simu ya saluni iliendelea kulia. Mama yake Bahati aliuliza mwanawe yuko wapi, na mama yangu, mikono imejaa mafuta, simu kaibana kwa bega, akasema anacheza, maman, bado anacheza. Papa wa makayabu akaomba simu na kumwelezea mechi nzima, dakika kwa dakika, Bahati akifunga mawili na kumtoa mtu jasho. Wiki iliyofuata yakawa matatu. Wenye vipara walibishana naye kwa sauti ili yule mama asikie, kwamba lile la pili alifunga kwa kushoto. Nilijifunza kutia chumvi mahali pale, kwa walimu bora. Hata shule ya jioni niliyosoma baadaye haikunifundisha kitu kwa bidii ile.

Mpaka siku moja yule mama akasema, kwa upole tu, kwamba anashukuru, ila tumwambie mwanawe apigie nyumbani, maana hajapiga tangu Pasaka. Papa wa makayabu alishusha simu kutoka sikioni akaitazama.

Yaya alikuwa mlangoni, amekuja kuleta mkate. Hatukuwa tumemwona pale saluni kwa miezi. Aliichukua simu mkononi mwa papa.

"Maman, mimi nilicheza naye," akasema. "Walisema miye ni mukali kuliko wote. Alininyang'anya mupira, maman. Watu wote waliona."

Halafu tukasikia vigelegele, vya mwanamke mmoja tu, vidogo ndani ya simu.

Leo papa wa makayabu tumeshamzika, tonton kocha yuko katika nyumba ya wazee na hapendi mpira uwashwe kwenye televisheni, na katika mlango wetu wa galerie wanauza vifuniko vya simu. Yaya ana watoto, hakuna hata mmoja anayejua kwamba baba yao alicheza. Mama alipofunga saluni, mimi nilipakia viti, vioo na birika. Yeye alikaa tu karibu na simu. Yule mama wa Bujumbura alikuwa akipiga kutoka namba ya huyu au ya yule, hatukuwa na njia ya kumpa namba mpya isipokuwa apige mwenyewe. Fundi wa kukata laini alipofika, mama alimwomba asubiri kidogo. Alikuwa Mbelgiji mwenye subira kuliko Ayubu. Alikunywa chai, akala mikate, akanywa chai tena, kisha akatazama saa yake, akamtazama mama.

Simu haikulia.