Dawa ya Kupaka

Nilipoolewa Ngamiani, kitu kilichonitisha kuliko mume ni kufungua kinywa mbele za watu. Nilitoka Mwera, upande wa Pangani, na wiki ile ile ya harusi wanawake wa mtaa waliangua kicheko kwa namna nilivyotamka neno moja la jikoni. Tangu hapo nikawa nasema maneno machache, tena chini chini, na watu wakamsifu mama mkwe kwamba amepata mkaza mwana mwenye haya. Haya zenyewe sikuwa nazo nyingi kiasi hicho. Nilikuwa naogopa kuchekwa tu, lakini sifa nikaipokea kama yangu.

Mume wangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge na alirudi nyumbani mara moja moja. Siku nyingine zote tulikuwa mimi, mama mkwe na paka wake.

Paka huyo alikuwa dume la kijivu, mkia umekatika ncha. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemwokota sokoni na kumlea kwa vichwa vya samaki. Mzee alipofariki, paka akahamia kitandani kwa mjane, upande ule ule aliokuwa akilala marehemu, na katika kukaa eda mama hakuwa na mwingine wa kumsemesha chumbani. Paka alikunywa maji kwenye birika la udhu, na mama akaja akatawadha kwa yale yale yaliyobaki. Nilipotaka kuyamwaga mara ya kwanza alinizuia. "Paka si najisi, mwanangu. Msafi huyu kuliko mimi na wewe."

Masika ile viroboto walitushinda. Paka alijikuna mpaka akatoka vidonda shingoni, na kupe wamemganda masikioni. Mama naye miguu ilimjaa vipele. Nilikuwa nikimtazama anasali, akikaa tahiyatu mkono unamwenda kwenye kifundo cha mguu, nami naona uso unaniwaka. Nyumba yenye mkaza mwana kijana ikiwa na viroboto, anayesemwa ni nani? Sikumwambia kitu. Nilitaka siku moja aamke alikute jambo limekwisha, aseme mwenyewe kwamba mwanawe amemletea mtu.

Basi siku aliyokwenda msibani mtaa wa Mabawa nikavaa buibui nikaenda dukani. Desturi ya wanawake ilikuwa kusimama ubavuni mwa duka, si mbele, na siku hiyo mbele palikuwa na benchi limejaa wanaume wanaokunywa kahawa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Sema nikupe nini."

"Nataka dawa ya viroboto."

"Wataka ya unga ama ya kupaka?"

"Ya paka," nikajibu, buibui nimeliuma kwa meno.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na liliharibika kwa silabi moja tu. Yeye akasikia ya kupaka, mimi nikaona tumeelewana. Akanimiminia kwenye chupa iliyozibwa kwa karatasi. "Hii kali," akasema. "Paka vizuri kila mahali, uache ikauke yenyewe, usioshe. Ukimaliza nawa mikono."

Ilinuka mafuta ya taa. Sitasema sikuisikia ile harufu. Niliisikia, na swali likanijia mpaka kwenye ulimi: hii kweli ya kumpaka mnyama? Lakini mmoja wa wale wa kwenye benchi aligeuka kunitazama, nami nikaona bora niondoke na chupa yangu kuliko kuacha Pangani yote isikike kinywani mwangu. Maneno matano yaliyonishinda kusema pale dukani nimeyasema moyoni maisha yangu yote.

Nyumbani nilimweka paka baina ya magoti, nikachovya unyoya wa kuku, nikampaka. Alinikubalia. Alidhani ninamchezea, akanguruma kwa raha mpaka dawa ilipomfika kwenye vile vidonda, akaruka akaingia uvunguni. Nami nikanawa mikono kwa sabuni, vizuri, kama nilivyoelekezwa.

Paka hana sabuni, ana ulimi. Nilipoinama nikamwona anajilamba, mgongo, mbavu, makucha, hakuacha mahali. Nikafurahi! Nikasema, huyo anajisafisha. Usafi wake ule aliosifiwa na mama ndio uliomponza, na mimi nimekaa kwenye kigoda namtazama huku nimeridhika na kazi yangu.

Muda si mrefu denda zikaanza kumchuruzika. Masikio yakawa yanachezacheza, kisha ngozi yote ya mgongo ikawa inamtetema. Alijaribu kutoka uvunguni, miguu ya nyuma ikaenda kwake na ya mbele kwake. Akaanguka ubavu. Nikamwita, nikampulizia usoni, nikamsomea kila nilichokumbuka. Sikumwita jirani. Hata hapo, wallahi, nilikuwa nawaza watasema nini.

Mama akarudi na wanawake wawili aliokwenda nao msibani. Alisimama mlangoni. "Harufu gani hii?"

"Nimempaka paka dawa ya viroboto, mama. Dawa ya paka."

Aliichukua chupa, akainusa, akaniangalia. "Dawa ya paka ipi? Hii ya kupaka vitanda, ya kunguni!"

Mmoja wa wale wanawake alianza kucheka, kisha akamwona paka sakafuni anapiga miguu hewani, akanyamaza.

Mama hakuvua hata buibui. Alimbeba paka mpaka uani, akamtia kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akamsugua kwa sabuni ya kufulia, akamwaga maji, akaanza tena. Nikapiga magoti karibu yake. "Nishike wapi, mama?"

"Wewe usishike kitu."

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyoambiwa mtoto aliye karibu na moto. Nikarudisha mikono yangu nikaificha ndani ya kanga, na wale wanawake wakatazama pembeni ili wasinione. Aibu niliyoipata pale ilikuwa nzito kuliko kicheko chochote nilichowahi kukikimbia.

Walimfunga paka katika kanga ya mama, wakamtilia maji ya dafu kinywani kwa kijiko. Kulipokucha alikuwa hai. Mama alikuwa amekaa naye mapajani, ule upande wa kitanda wa marehemu, na macho yake mekundu.

Kesho yake alinichukua mpaka dukani, chupa mkononi. Yeye alisimama mbele, kwenye benchi. Mwenye duka akaapa, "Mimi nimemuuliza, ya unga ama ya kupaka? Akasema ya kupaka!"

"Nimesema ya paka," nikanong'ona.

Benchi zima likavunjika mbavu. Mpaka jioni mtaa ulishanipa jina, Bibi Mpaka Paka, na mashemeji wakalibeba kama mali yao. Lakini mama pale pale dukani aliinua mkono wakanyamaza. "Msimcheke mwanangu. Mimi ndiye niliyemtuma, nikamwagiza vibaya."

Ulikuwa uongo, na kila mtu alijua ni uongo, kwa kuwa siku ile alikuwa Mabawa na wenzake. Akanisitiri hivyo hivyo. Tulipofika nyumbani tu ndipo aliponiambia lake. "Mficha uchi hazai. Ungeuliza, mwanangu. Kama si mwenye duka, ungeningoja mimi." Angenipiga ningeona afadhali.

Paka alipona, lakini hakuwa yule. Kichwa kilimbakia kinatikisika kidogo, kama mtu anayekataa jambo, na kuruka kitandani hakuweza tena. Kila jioni mama, na mgongo wake mbovu, aliinama akampandisha. Ningeweza kuinama mimi, lakini paka hakunitaka. Nikiingia ukumbini, yeye huinuka mkekani na kupepesuka kwenda zake, hata tukiwa na wageni. Mgeni huuliza, "Mbona paka amkimbia bibi harusi?" na mama hujibu, "Mzee huyo, ana mambo yake." Nami ninageuka jikoni kutazama chungu kisicho na kitu.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wa kiume. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilizalia pale pale kwa mama mkwe. Siku zote za uzazi ni yeye aliyemkanda mtoto, akamwogesha na kumpaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Nilikaa kitandani nikipokea mtoto amekwisha tengenezwa, ananukia, na sikufikiria lolote. Niliona ni desturi, mzazi hupumzishwa.

Siku ya arobaini wanawake walijaa ukumbini. Mtoto alipotolewa kwenye maji, mmoja wao, yule yule aliyeanza kucheka siku ya paka, akasema, "Leo mwacheni mama mtu ampake mwenyewe."

Nikanyoosha mkono kwa mama kupokea chupa ya mafuta. Mkono wake ukairudisha nyuma.

Hakukusudia. Nilimwona usoni kwamba hakukusudia, mkono ulikwenda peke yake. Yeye ndiye aliyeinamisha macho, si mimi, na hilo liliniumiza zaidi, kwamba nimemtia aibu mtu aliyenisitiri.

"Yamepoa," akasema upesi. "Ngoja nikayapashe moto."

Mafuta ya nazi yakipata baridi huganda yakawa meupe. Ilikuwa kaskazi, jua linapasua bati, na ndani ya chupa mafuta yalikuwa maji matupu, yanang'aa. Kila mwanamke pale aliyaona.

"Haya, mama," nikasema. "Yapashe."

Akaenda jikoni. Nilimsikia amesimama tu, hakuchochea moto wala hakusogeza sufuria. Aliporudi alikaa kando yangu mkekani, akanitilia chupa mkononi, lakini mkono wake hakuuondoa.

Kabla ya kumimina, nilinusa. Nikainua macho, nikamwona naye ananusa. Kisha tukampaka mtoto, kifua, mgongo na miguu, mkono wake juu ya wangu, na hakuna aliyecheka.