Nimelia Chooni Katikati ya Mtihani wa Udaktari

Jamani, leo huku ughaibuni nimelia chooni katikati ya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonimaliza. Niling'ang'ania kifungu kimoja cha habari, kuja kutazama saa, zimebaki dakika tatu na maswali kumi na moja sijayagusa! Nikabahatisha yote.

Mapumziko ni nusu saa tu. Nikajifungia chooni, nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, nimekwisha."

Nje ya mlango mtu akajibu. Kwa Kiswahili!

"Juu ya nini unalia, mwanangu?"

Alikuwa mama Mkongo anayesafisha jengo. Nikafungua mlango, nikamweleza yote, kamasi zikinitoka.

"Imebaki sehemu ngapi?"

"Mbili."

"Basi ile iache. Nenda fanya hizi mbili."

Akanipa karatasi nijifute uso, akanisukuma taratibu mlangoni.

Nikarudi. Kila swali lililonikwamisha, nilichagua jibu nikasonga mbele. Sehemu zote mbili nikazimaliza kabla ya muda.

Nilipotoka, zamu yake ilikuwa imeisha. Hata jina sikumuuliza.

Kama ni mama yako au shangazi yako anayesafisha lile jengo la mtihani huku North York, tafadhali mfikishieni shukrani zangu. Mwambieni nilimaliza.