Aliyejiita Jicho Kali

Mtaani walimwita Fundi Makochi. Kila alipomaliza kulivisha kochi kitambaa kipya alilipiga picha na kuiweka mtandaoni, na kwa miaka miwili hakuambulia ila pongezi. Kisha akazuka mtu aliyejiita Jicho Kali.

"Hili kochi lina mimba ya miezi saba," aliandika siku ya kwanza. Watu wakacheka, na fundi naye akacheka kidogo. Wiki iliyofuata: "Muulizeni sponji ya ndani ameiunga vipande vingapi." Hapo kicheko kikamkauka. Alikuwa ameiunga kweli, vipande vitatu. Nani alijua?

Tangu siku hiyo akawa anawatazama watu mikono. Mkewe akitabasamu na simu, anamuuliza anasoma nini. Mteja akikaa kimya mno, anamtilia shaka. Mwishowe shaka ikamwangukia seremala wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja kuazima futi ya kupimia kila asubuhi huku macho yakizunguka karakana nzima.

Fundi akafungua ukurasa wa jina la bandia, Mteja Aliyeumia, akaandika: "Kitanda cha yule seremala kinalia kuliko mtoto mchanga." Watu kumi na wanne wakacheka. Akasikia raha kama mtu aliyekunwa mgongoni mahali pasipofikika. Kesho yake akaandika tena, na haikupita muda akawa anaandika hata kabla ya kunawa uso.

Lakini Jicho Kali hakukoma. Fundi akaamua kutega. Akamwambia seremala kuwa amepata kazi ya viti vya hospitali. Kwa mkewe, vikawa viti vya shule. Dada yake mkubwa, nesi mstaafu aliyemlea, aliyemletea chakula karakanani kila mchana, fundi alimwambia ni viti vya ukumbi wa harusi.

Alhamisi Jicho Kali akaandika: "Maharusi, chukueni mikeka yenu. Ukumbi umempa kazi fundi wa viraka."

Alisoma mara tatu. Mchana dada alipoweka bakuli mezani, alimwonyesha simu. Dada akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Nimekukosea nini, dada?"

"Hujanikosea."

"Basi una wivu na mimi?"

"Wivu wa makochi, mdogo wangu?" Akakaa juu ya fremu tupu. "Mara ya kwanza nilikuwa natania. Watu arobaini wakacheka. Wodini nilikuwa nikisema neno, wagonjwa wanacheka mpaka wanashika mishono. Siku hizi nashinda siku nzima sijasikia sauti ya mtu. Nikiandika pale naona kama si wewe ninayekusema. Ni kochi tu."

Fundi alitaka kufoka. Lakini aliijua ile raha kwa jina na kwa ladha. Akavuka barabara.

Seremala alikuwa peke yake anapiga randa, bila mdogo wake anayemsaidia kazi.

"Mdogo wako yuko wapi?" fundi akauliza.

"Nimemfukuza. Kuna mtu ananichafua mtandaoni, anajua mpaka mbao zangu zenye fundo. Nani mwingine? Aliapa, analia. Sikumwamini."

"Si yeye. Ni mimi."

Randa ikasimama. Seremala akamtazama kwa mashaka, kana kwamba hata ungamo hili ni mtego.

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni wewe unayeniandika."

"Ulidhani." Seremala akafuta jasho. "Mimi usiniambie kitu. Twende ukamwambie yeye."

Wakaenda. Mdogo mtu alisikiliza mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Alirudi kazini baada ya siku tisa, lakini mpaka leo kaka yake akishika simu, yeye hunyamaza. Seremala alinunua futi yake.

Fundi aliufuta ule ukurasa wa bandia. Dada yake aliufuta wa kwake pia, au ndivyo alivyosema. Sasa anaketi karakanani mchana kutwa, anawachekesha wateja, na mara nyingine mzaha wake humwangukia fundi mwenyewe. Fundi hucheka na wengine. Kisha humtazama dada yake kidogo, aone simu yake iko wapi.