Kitabu Kilichofumuliwa

Mzazi, nani alikuambia kwamba kitabu kinachoeleza namna ya kumfundisha mwanao kusoma hakikuhusu?

Hilaire yeye alipewa amri kabisa. Alikuwa mtunza vitabu katika maktaba ya Waafrika hapa Kisangani, enzi za Wabelgiji, na kabatini mwake kulikuwa na mwongozo mmoja tu wa kusomesha watoto, wa Kiswahili, ulioandikwa kwa ajili ya walimu na wazazi. Mkurugenzi, Mzungu aliyependa vitabu vikae safi, aliamuru usivuke mlango. Safi kwa faida ya nani? Hilaire aliwahi kujifunza kushona vitabu kwa mapadri. Akachukua kisu, akakata nyuzi, akakifumua kitabu vipande vipande na kuvigawa kwa wazazi wa mtaa wa Mangobo. Kila Jumamosi walibadilishana: anayerudisha kipande hupewa kinachofuata.

Ndipo ikaja habari kwamba kesho asubuhi mkurugenzi atakagua kabati.

Mkewe Georgette hakuzungusha maneno. Alimkumbusha kwamba nyumba waliyolala ilikuwa ya kazi, na kazi ikienda, nyumba nayo imekwenda. Hilaire akashika njia ya Mangobo jua likiwa bado juu, akagonga mlango baada ya mlango. Wengine walitoa vipande shingo upande; wengine walimtania kwamba aliyewasha moto leo kamwagiwa maji. Kikabaki kimoja, kwa mama Berthe, muuza samaki aliyetoka Isangi. Mwanawe alikuwa karibu kuondolewa shuleni kwa kutojua kusoma.

Alimkuta ameketi na mtoto, karatasi magotini.

"Papa Hilaire, bado hatuyamaliza."

"Mama, kesho watanifukuza kazi."

"Na mutoto wangu watamufukuza masomo. Ni wewe ulisema hii kitabu iko yangu pia. Ulinidanganya?"

Hilaire angeweza kukinyakua. Mkono ulikwisha kunyooka. Akaurudisha mfukoni. Alikwenda nyumbani, akashona vile alivyovipata, na pengo la katikati likawa linamkodolea macho.

Asubuhi mkurugenzi alikifungua kitabu, akafunua, akafika penye pengo. Akadai funguo za maktaba. Hilaire akazitoa. Hakujitetea, alisema tu kwamba kurasa zile ziko Mangobo, zinasomwa.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Berthe akaingia, kipande amekifunga katika kitambaa safi. Aliona funguo mkononi mwa mkurugenzi, akaelewa. Hakurudi nyuma. Alimpita Hilaire, akasimama mbele ya mkurugenzi mwenyewe.

"Bwana, tumemaliza. Munipatie inayofuata."

Mkurugenzi akanyoosha mkono, akakishika kipande. Mama Berthe hakukiachia. Alimweleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni wa soko, kwamba hapa kipande hakirudishwi bure, hapa watu hubadilishana. Mkurugenzi akavuta. Yeye naye akakaza. Hilaire alisimama pale bila kazi, akiitazama mikono ile miwili juu ya kipande kimoja, na hakuna uliolegea.